Funika Kombe: Vyombo vya Urithi na Mlo wa Idi katika Nyumba za Waswahili

Mwanafunzi wa leo akiulizwa maana ya neno "kombe", aghalabu hukimbilia Kombe la Dunia. Jibu hilo si kosa. Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo huipachika katika insha yake methali "Funika kombe mwanaharamu apite" bila kujiuliza ni vipi tuzo ya kandanda itafunikwa, wala mwanaharamu ana haja gani nayo. Kombe la methali ni sahani kubwa yenye kina, ya udongo au ya kauri, inayopakuliwa chakula cha watu wengi. Hufunikwa kwa kawa, kifuniko cha ukindu chenye umbo la pia, ili mpita njia asiye na nia njema asione kilichomo. Methali imebaki na inatahiniwa kila mwaka. Sahani yenyewe imeondoka mkekani, na kwa kuwa imeondoka, maana yake imebaki kuelezwa kamusini tu.

Makala haya yanachunguza uhusiano huo baina ya chombo, neno na siku. Eneo linaloshughulikiwa ni pwani ya Kenya, hususan Lamu na Mombasa, na siku ni Idi, maadamu ndiyo siku ambayo familia ya Kiswahili hukusanyika kula pamoja na vyombo vilivyohifadhiwa hupata kushushwa. Hoja inayotetewa ni kwamba chombo cha urithi hakiwi mila kwa sababu ya ukale wake. Huwa mila pale kinapokuwa na siku yake, chakula chake, na mtu anayelijua jina lake na kulitamka mbele ya watoto.

Majina na njia yalikopitia

Msamiati wa mlo wa Waswahili ni historia ya biashara ya Bahari ya Hindi iliyofupishwa. Neno "sinia" ni mfano bora. Limetoka katika Kiarabu, ambamo asili yake ni jina la nchi ya Uchina, "Sini". Yaani sinia ni "kitu cha Kichina". Ajabu ni kwamba sinia la Mswahili aghalabu ni la shaba au la bati, wala halikutoka Uchina hata kidogo. Jina lilisafiri likakiacha kitu nyuma. "Birika" nalo limepitia katika Kiarabu kutoka Kiajemi, kwa maana ya kumimina maji. "Sahani" na "finjani" pia ni za Kiarabu. Kwa upande mwingine, "chungu", "chano", "upawa" na "kata" ni maneno ya Kibantu, na yanahusu hasa udongo, mti na kifuu, yaani vyombo vya kupikia na kuchotea. Mgawanyo huu si kamili, lakini unatosha kumwonyesha mwanafunzi kuwa jiko na mkeka wa kulia havikuzungumza lugha moja tangu mwanzo.

Neno "kauri" linastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Katika Kiswahili hutaja udongo mweupe unaofinyangiwa sahani nzuri, na pia hutaja simbi, yule koa wa baharini mwenye gamba jeupe linalong'aa. "Kombe" nalo ni sahani na pia ni gamba la kiumbe cha baharini. Na "kikombe" ni kombe lililotiwa kiambishi cha udogo. Waitaliano walifanya vivyo hivyo: neno lao la kauri, ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelirithi, lilikuwa kwanza jina la simbi. Watu wa pwani mbili zisizojuana waliiona sahani ya Kichina, wakaifananisha na kitu kile kile walichokiokota ufuoni.

Kuwapo kwa sahani hizo pwani si jambo la jana. Machimbo ya kiakiolojia ya Manda na Shanga, katika funguvisiwa la Lamu, yamefukua vigae vya Kichina vya karne ya 9. Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, kulipatikana vingi vya karne zilizofuata. Huko Mambrui, bakuli za Kichina zilipachikwa katika nguzo ya kaburi. Kilichokuwa cha thamani mkekani kilimfuata mwenyewe hadi kaburini, kikawekwa mahali ambapo kila apitaye angekiona.

Na je, watu walikula vipi? Shahidi mashuhuri ni Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Anasimulia kuwa alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli ukapakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake pakawekwa vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Msomaji aliyewahi kualikwa Idi katika nyumba ya Kiswahili atautambua mpangilio huu mara moja: wali katikati katika chombo kimoja cha wote, vitoweo juu, na achari katika vibakuli vya pembeni. Karne saba zimepita na mpangilio uko pale pale. Mwanaakiolojia Jeffrey Fleisher, katika makala yake ya mwaka 2010 kuhusu karamu katika pwani hii, anahusisha bakuli, za kienyeji na za kigeni, na ukarimu ambao kwao watu wa mjini walijijengea heshima. Kwa maneno mengine, bakuli zilinunuliwa ziliwe ndani yake na watu wengine washuhudie.

Zidaka

Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilizojengwa katika karne ya 18 zina, katika chumba cha ndani kabisa, ukuta mzima wa vijishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa. Waamu huviita "zidaka", kwa kiambishi zi- cha lahaja yao mahali ambapo Kiswahili sanifu hutumia vi-. Humo ndimo zilimopangwa sahani za kauri. Usam Ghaidan na James de Vere Allen, walioziandikia nyumba hizi katika miaka ya 1970, waliwafungulia njia watafiti wengi. Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti wake Lamu, alieleza kuwa sahani hizo hazikuwa pambo tu. Ziliaminiwa kukinga nyumba dhidi ya jicho la hasidi, na sahani ikivunjika ilihesabiwa kuwa imelibeba dhara lililokuwa likimjia mtu.

Ufafanuzi huo unavutia, lakini una hatari moja. Ukichukuliwa peke yake unaweza kumfanya msomaji adhani kuwa sahani iliwekwa ukutani isiguswe milele. Si lazima iwe hivyo. Ni kweli kwamba vidaka vya juu havifikiwi kwa mkono, na vingine ni vyembamba mno. Vya chini, hata hivyo, viko mkononi mwa mtu aliyesimama. Ikumbukwe pia kwamba katika familia za waungwana wa Lamu ilikuwa desturi kumpa binti nyumba aolewapo. Kwa hiyo, ukuta ule wa zidaka ulipita kutoka kwa mama hadi kwa binti, na elimu ya sahani ipi hutolewa lini ilipita njia hiyo hiyo. Historia iliyoandikwa na wanaume imeutaja ukuta kuliko ilivyoitaja elimu hiyo.

Fasihi nayo imeutazama ukuta huu. Katika Al-Inkishafi, utenzi ambao Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anakisiwa kuutunga mwanzoni mwa karne ya 19, mshairi anayaona madaka ya Pate yaliyokuwa na visahani, na sasa yamekuwa viota vya makinda ya ndege. Wahakiki wengi huipitia picha hiyo kama ishara ya jumla ya upuuzi wa dunia. Pengine wanaenda haraka mno. Mshairi angeweza kutaja dhahabu, naye alichagua mahali pa sahani, kwa sababu nyumba isiyo na visahani ni nyumba isiyopokea mgeni tena.

Asubuhi ya Idi

Maandalizi huanza katika mwezi wa Ramadhani wenyewe. Jioni, kabla ya adhana ya magharibi, watoto huonekana vichochoroni wakibeba sahani zilizofunikwa, kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Ni futari inayopelekwa kwa jirani. Kanuni ya shughuli hii haikuandikwa popote na hakuna asiyeijua: sahani hairudi tupu. Iliyokwenda na kaimati itarudi na vitumbua, au na tende, au walau na sukari kidogo. Hapa ndipo mtoto anapojifunza kwa mara ya kwanza kuwa sahani ina mwenyewe. Akiirudisha nyumba isiyo yake, atatumwa tena, na safari hii ataambiwa: "Ile ya maua ya samawati ni ya nyanyako, mwanangu. Usiichanganye."

Siku ya mfungo mosi, baada ya swala, hutandikwa mkeka. Huliwa tambi za sukari, mahamri na mbaazi, na mkate wa sinia, ule mkate wa unga wa mchele na tui ambao umechukua jina la chombo unachookewa. Mwanafunzi wa isimu auzingatie mkate huu. Siku hizi wengi huuoka katika vyombo vya namna nyingine na kuuita hivyo hivyo, kama ambavyo sinia lenyewe liliitwa la Kichina bila ya kutoka Uchina. Jina hudumu kupita kitu, lakini hudumu likiwa kipofu.

Mchana ni pilau au biriani. Kijana hupita na birika na tasa akiwamiminia wakubwa maji ya kunawa, akianza na aliye mkubwa zaidi. Sinia hutuliwa katikati, na walaji hulizunguka. Kila mmoja hula mbele yake. Kuupeleka mkono upande wa mwenzako ni utovu wa adabu. Mkubwa wa sinia huichambua nyama na kuisukuma mbele ya watoto na wageni. Baada ya hapo ni kahawa ya dele katika vikombe vidogo, na chetezo cha udi.

Katika mpangilio huu kila chombo kina wadhifa. Kwa hiyo ni rahisi kuona ni wapi mila inaingia na ni wapi inatoroka. Sinia likibadilishwa kwa sahani za plastiki, moja kwa kila mtu, wali hautabadilika ladha. Kinachopotea ni yule mkubwa wa sinia na kazi yake, yule kijana na birika lake, na kauli ya "kula mbele yako", ambayo haina maana tena pale ambapo kila mtu ana mbele yake peke yake.

Kabati la kioo

Kuna hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuzwa. Sahani iliyodumu miaka 150 haidumu kwa kutumiwa ovyo. Watoto wana mikono ya utelezi, na maji ya moto hupasua kauri ya kale. Ndiyo maana nyumba nyingi za Kenya, pwani na bara, zina kabati la kioo lenye "vyombo vya wageni". Bara, kabati hilo hufunguliwa Krismasi, ikiwa litafunguliwa. Wapo watoto waliokua hadi wakaolewa bila kunywa chai katika vikombe walivyovipangusa vumbi kila Jumamosi. Vyombo hivyo vimesalimika kwa hakika, ila hakuna mtu wa nyumba hiyo anayevikumbuka kwa chakula chochote.

Uamuzi wenye busara uko baina ya mambo hayo mawili, na nyumba zilizofaulu hazikuhitaji mengi. Zilichagua chombo kimoja, zikakipa chakula kimoja na siku moja. Kombe la nyanya ni la tambi za asubuhi ya Idi, basi. Halitumiki kwa kingine wala siku nyingine. Mwenye kulitoa anajulikana, na mwenye kuliosha pia, tena huyu wa pili afadhali awe kijana, chini ya jicho la mkubwa, kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, juu ya taulo iliyokunjwa. Mikono hujifunza thamani ya kitu kabla ya kichwa.

Tahadhari chache za kiufundi zinahitajika. Mng'aro wa vyombo vya udongo vya zamani, na rangi zilizopakwa juu yake, huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Vitu vichachu huyatoa kwa urahisi. Kwa hiyo achari ya ndimu na ukwaju visitiwe humo. Tende, kaimati zilizopoa na mahamri havina neno. Tambi zilizokauka nazo ziwekwe juu ya jani la mgomba au karatasi safi iwapo chombo kina nyufa. Sinia na birika za shaba zinahitaji kutiwa bati kwa ndani zinapochakaa, la sivyo shaba nayo huingia katika chakula.

Jambo jingine ni kukigeuza chombo na kutazama chini yake. Familia nyingi husema sahani yao ni ya Kichina, na wakati mwingine ni kweli. Katika karne ya 19, hata hivyo, pwani hii iliuziwa bakuli nyingi za Ulaya, zikiwamo za viwanda vya Maastricht, Uholanzi, zenye maua yaliyopigwa kwa sponji. Muhuri ulio chini ya kitako mara nyingi hulimaliza shauri. Kugundua kuwa bakuli la nyanya lilitoka Uholanzi si aibu. Lilinunuliwa kwa fedha ya mtu aliyetaka kukirimu, likala Idi mia moja, na hilo halimo katika muhuri wowote.

Soko

Tishio kubwa kuliko mikono ya watoto ni mnunuzi. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Sifa hiyo iliongeza watalii, na watalii walizidi kuipandisha bei ya kila kilicho cha kale. Nyumba za mawe zimeuzwa kwa wageni, nyingine zimekuwa nyumba za kulala wageni, na zidaka zake zimepangwa vyombo vilivyonunuliwa kwingine ili mpangaji wa siku tatu apige picha. Familia yenye karo ya kulipa haiwezi kulaumiwa kwa kuuza sahani. Ni vyema hata hivyo ijue inachouza. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, kisichokuwa kitabu au hati, ni kitu cha kale kinacholindwa, na hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Sahani iliyo kabatini mwa nyanya yaweza kuwa na ulinzi ambao mwenyewe hajui kuwa anao.

Sheria, lakini, huilinda sahani pekee. Haiwezi kumlazimisha mtu kusema kuwa hiyo ni sahani ya tambi. Hii ni kazi ya familia, na kwa kiasi fulani ni kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili anayerudi kwao wakati wa likizo akiwa na daftari. Makosa ya watafiti chipukizi huanzia katika swali. Wao hukinyoshea chombo kidole na kuuliza, "Nyanya, hii inaitwaje?" Wanajibiwa kwa neno moja, wanaliandika, wanakwenda zao. Swali lizaalo ni jingine: "Hiki kilikuwa kikitiliwa nini, na siku gani?" Hapo mzee hukitwaa mikononi, hukigeuza, hutaja chakula ambacho pengine hakijapikwa nyumbani humo kwa miaka ishirini, humtaja aliyekuwa akikipika, na hukumbuka nani alikibwaga kikapata ule ufa wa ukingoni na uongo gani ulisemwa siku hiyo. Daftari litajaa kabla ya chai kupoa. Na kama Idi iko karibu, kuna uwezekano mkubwa wa kuagizwa sokoni kununua tambi.